Gari Lililozibwa Kila Tundu

Mwaka ule vita vilipoingia Kagera, senene walishuka kwa wingi ambao wazee walikuwa hawajauona kwa muda mrefu. Watu wa Kanyigo, karibu na mpaka wa Uganda, waliokuwa watoto wakati huo huyakumbuka mambo hayo mawili pamoja, kwa kuwa yaliwajia katika majuma yale yale. Evodius Rugaimukamu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Asubuhi moja alikuwa nyikani na dada zake, wakiokota senene waliolemewa na umande, ndipo mlio wa kwanza wa mzinga uliposikika kutoka upande wa mpakani. Ndoo ya senene iliachwa papo hapo, nao wakakimbia nyumbani.

Padri wa misheni alikuwa na Landrova moja iliyochoka. Aliwapakia humo wazee, wajawazito na watoto, akaelekea kusini ili wauvuke mto kabla ya adui. Gari lile halikuwa na kitu. Halikuwa na maji wala jeki, na tairi la akiba lilikwisha kutumika siku nyingi. Kabla hawajalifikia daraja, tairi la nyuma lilipasuka. Wanaume waliokuwa wakipita kwa miguu waliliinua gari kwa mabega, padri akalishindilia tairi nyasi mpaka likasimama. Bibi yake Evodius aliketi kando ya barabara akiomba maji, na maji hayakuwapo. Mtoto yule alimtazama bibi yake akilamba midomo, huku mizinga ikisogea nyuma yao, akatambua kwa mara ya kwanza kwamba mtu mzima anaweza kuogopa kuliko mtoto.

Hakuna aliyekufa siku ile. Walivuka mto, wakafika mjini, bibi akanywa maji na kuishi miaka mingine mingi. Evodius hakuacha kulisema hilo kila alipoisimulia habari hii, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya hofu yake.

Sisi tuliosali naye hapa Ilford, mashariki mwa London, tulimfahamu akiwa mtu mzima, mrefu, mtaratibu wa maneno. Alifanya kazi hospitalini, kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi hadi chumba cha upasuaji na kuwarudisha. Mkewe, Generosa, alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Binti yao wa pekee, Irene, alizaliwa hapa. Kihaya hakijui, Kiswahili anakisikia vizuri na kukijibu kwa Kiingereza. Nyumba yao ilikuwa kama nyumba zote za mtaa ule, isipokuwa chini ya ngazi, mahali ambapo wengine huweka viatu, Evodius aliweka madumu ya maji. Gari lake dogo hakuliacha lipungukiwe petroli chini ya nusu ya tangi. Akialikwa arusi Birmingham, alitoa udhuru. Hija ya parokia kwenda Walsingham aliichangia, lakini hakupanda basi. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulala njiani, na mkewe hakulala njiani pia, kwa kuwa Evodius aliogopa jambo moja kuliko yote: kwamba barabara ingemchukua Generosa, naye asimame kando akitazama, asiwe na cha kumpa.

Generosa alipostaafu, watoto wa parokia walimwimbia, keki ikakatwa, na mtu akamwuliza sasa atafanya nini. Alijibu mbele ya watu wote kwamba anataka kwenda Skye. Alipokuwa msichana katika shule ya masista, mwalimu wake wa jiografia alikuwa sista mzaliwa wa kisiwa hicho cha Skotilandi, aliyewaeleza wanafunzi juu ya milima inayoingia baharini na mvua inayonyesha kwa upole siku nzima.

"Na sitaki hoteli," alisema Generosa. "Nataka kulala ndani ya gari, niisikie mvua ya sista ikigonga bati. Baba Irene, nimekuomba nini tangu tuoane?"

Watu walicheka, wakamgeukia Evodius. Alikuwa ameshika kipande cha keki. Alisema, "Tutakwenda, mama," akairudisha keki sahanini bila kuionja.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya gari. Alinunua Land Cruiser kuukuu, ya dizeli, ndefu, rangi ya udongo, akaipeleka kwa Kanti. Kanti alikuwa fundi Mhindi mzaliwa wa Mwanza, akaja Uingereza akiwa kijana, na gereji yake ilikuwa chini ya matao ya daraja la reli. Kiswahili chake kilikuwa kilekile alichoondoka nacho, na ulimi wake haukuwa na breki.

Walianza kwa mambo ya busara. Springi na shokapu zilibadilishwa kwa zile za kubeba mzigo mzito, wakaweka matairi ya meno makubwa, betri ya pili ya kuendesha taa na friji ndogo, tangi la maji chini ya sakafu, keria juu ya paa na turubai la kukunjua ubavuni ili mtu apike chini yake. Viti vya nyuma viling'olewa, na fundi seremala akatengeneza kitanda cha mbao chenye madroo chini. Mpaka hapo hata Kanti aliifurahia kazi.

Kisha hofu ikaanza kutoa maagizo yake. Tairi moja la akiba likawa mawili. Jeki ikaongezwa jeki ya pili, ya tatu ikafungwa kwenye bampa. Ikaja winchi ya mbele ya kujivuta kutoka matopeni, zikaja mbao za kutoa gari kwenye mchanga, madumu ya dizeli, shoka, minyororo ya theluji, ingawa safari ilikuwa ya mwezi Juni.

"Ta Evodius," Kanti alimwambia kwa heshima ya Kihaya, akifuta mikono kwa tambara, "unakwenda Skotilandi au unakwenda kuipiga Skotilandi?"

"Mtu hajui njia ina nini."

"Njia ina maduka! Kila mji una duka. Nyinyi Wahaya bwana, hata chooni mnaenda na kabati."

"Na nyinyi mnaenda na risiti," Evodius alijibu, nao wakacheka. Lakini siku iliyofuata alirudi na mnyororo wa kufungia gurudumu, wezi wasije wakaliondoa gari, yeye na mkewe wakiwa wamelala ndani.

Zaidi ya yote aliogopa baridi. Mkewe alikuwa na shinikizo la damu, na katika miaka yake ya kusukuma vitanda Evodius alikuwa amewaona wazee wengi wakiletwa wamebanwa kifua wakati wa baridi. Akamwagiza Kanti abandike sponji nene kwenye kuta zote za ndani, juu ya sponji zulia, na mipira mipya kuzunguka kila mlango. Kanti alifanya hivyo, ila alitoboa matundu mawili juu, moja kila upande, akayawekea vifuniko vya wavu.

"Haya usiyaguse," alisema. "Watu wawili wanalala humu. Watapumua nini, zulia?"

Evodius aliitikia. Lakini jioni moja yenye upepo alilala humo peke yake, gari likiwa mbele ya nyumba, akasikia matundu yale yakipiga mluzi. Alihisi ubaridi mwembamba usoni. Aliwaza juu ya kifua cha Generosa. Kulipokucha alipanda ngazi, akayaziba yote mawili kwa sponji na gundi, kisha akapitisha kiganja chake kila pembe ya gari mpaka aliporidhika kwamba hapaingii hata pumzi ya mbu. Hakumwambia Kanti.

Kabla ya safari kubwa alitaka kulijaribu gari karibu na nyumbani, mahali ambapo jambo likiharibika mtu aweza kurudi. Walichagua uwanja wa kupigia kambi pembeni mwa msitu wa Epping, ambako mwisho wa London hauonekani wazi. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili. Msimamizi wa uwanja, mwanamume wa makamo aitwaye Nadim, aliwaonyesha nafasi chini ya mialoni, akalizunguka lile gari taratibu.

"Mnafika hadi wapi nalo?" aliuliza.

"Leo, mpaka hapa," Generosa alimjibu kwa Kiingereza chake cha masista, na Nadim alicheka mpaka akashika kiuno.

Evodius hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona tawi kavu juu, mbwa asiye na kamba, na wingu upande wa magharibi. Alilisawazisha gari juu ya vipande vya mbao, akafunga mnyororo wa gurudumu, akalikunjua turubai la ubavuni na kulikaza kwa kamba na vigingi vya chuma, akavigongelea chini mpaka vichwa vikazama udongoni. Mambo yote hayo yalichukua sehemu kubwa ya mchana.

Generosa, kwa upande wake, alitoa jiko la mkaa. Gesi ilikuwapo, na Evodius alikuwa ameweka majiko mawili ya gesi, lakini mama alisema ndizi za gesi zina ladha ya haraka. Akapika ebitoke, ndizi za Kihaya, na maharage na nyama kidogo, wakala chini ya turubai, na kwa muda mfupi, kama Generosa alivyotusimulia baadaye, alimwona mumewe ameshusha mabega.

Mvua ilianza walipokuwa wakinawa mikono. Ilikuja na upepo, ikapenya chini ya turubai, na baridi ikaja nyuma yake. Generosa alipanda kitandani ndani ya gari, akajifunika shali. Jiko lilikuwa bado limejaa makaa mekundu mazuri, yasiyo na moshi tena.

"Ni dhambi kuyaacha yalowe," alisema. "Niingize?"

Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya msonge atalielewa swali hilo. Katika nyumba za bibi zetu, moto ulikaa ndani pamoja na watu. Mama aliyejifungua aliwekewa makaa karibu na kitanda. Mgonjwa aliwekewa makaa. Mvua za asubuhi zilipokuja, watoto walilala wakiyazunguka. Tulifundishwa kuogopa moshi, kwa sababu moshi uliwasha macho, na makaa yaliyokwisha kuiva hayana moshi. Hakuna aliyetueleza kwamba paa la nyasi lilikuwa likipumua usiku na mchana kwa niaba yetu.

"Liingize, mama," alisema Evodius. "Baridi hii ni mbaya." Na yeye mwenyewe ndiye aliyelinyanyua jiko, akaliweka juu ya kipande cha bati upande wa miguu ya mkewe, akafunga mlango. Mpira mpya ulikamata vizuri.

Yeye hakuingia. Lile tawi kavu lilimsumbua. Alivaa koti la mvua, akakaza kamba, akalitazama tawi, kisha akatembea hadi kibanda cha Nadim kumwuliza kama upepo utaongezeka, na kama mwaloni ule umewahi kuangusha kitu, na kama mbwa wa wale jirani ana chanjo. Nadim alimjibu yote kwa subira, akampa chai. Evodius aliinywa akiwa amesimama.

Aliporudi, vioo vilikuwa vimefunikwa na jasho kwa ndani. Aligonga.

"Mama Irene."

Kutoka ndani alisikia sauti, lakini haikuwa maneno. Alifungua mlango. Hewa ya joto ilimpiga usoni, haina harufu yoyote. Generosa alikuwa amelala ubavu, ametapika kwenye shali, mashavu yake yameiva kama ya mtu aliyetoka juani. Macho yalikuwa wazi kidogo.

"Generosa! Waitu, mwenzangu, nitazame!"

Mdomo ulisogea, mkono haukusogea. Evodius alidhani ni shinikizo la damu. Alipanda ndani, akapiga magoti juu ya kitanda, akaanza kutafuta dawa zake katika droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitupa nje kamba, betri, mifuko ya bendeji, na alipokuwa akitafuta, kichwa chake mwenyewe kilianza kugonga kama ngoma. Hapo ndipo alipoligeukia jiko. Aliyatazama makaa, yalikuwa bado mekundu. Akainua macho akaona pale alipoziba kwa gundi.

Alimshika mkewe makwapani, akamburuta hadi nje, wakaanguka wote wawili kwenye majani, mvua ikiwanyeshea. Simu yake haikushika mtandao chini ya miti ile. Akakimbilia usukani. Gari lilikuwa juu ya vipande vya mbao, gurudumu limefungwa mnyororo, ubavu mzima umeshonwa ardhini kwa kamba. Alivuta kigingi cha kwanza cha turubai, hakikutoka. Alitafuta ufunguo wa mnyororo katika mifuko yote ya suruali, ya koti, ya shati. Gari alilolitayarisha kwa ajili ya kumwokoa Generosa lilikataa kuondoka mahali pake, naye alisimama kando yake, mikono mitupu, akamtazama mkewe akifungua na kufunga midomo.

Alipiga kelele. Hakuita msaada kwa Kiswahili wala Kiingereza. Alimwita mama yake, kwa Kihaya.

Nadim alikuja na gari lake dogo, lenye mlango mmoja usiofunguka na viti vitupu. Alitazama mara moja ndani ya Land Cruiser, akaliona jiko, akasema, "Ni hewa ya mkaa. Mpandishe." Walimlaza kiti cha nyuma. Vioo vyote vilishushwa. Evodius alimpakata kichwa, akauelekeza uso wake kwenye upepo, na njia nzima, Nadim akipiga honi na kuzungumza kwa simu na watu wa dharura, Evodius alikuwa akisema, "Vuta, mama. Vuta tena. Vuta."

Wahudumu walikuwa wakiwangoja mlangoni na kitanda. Ilikuwa hospitali aliyoifanyia kazi. Yule aliyeshika kitanda alimfahamu, akampisha kwa heshima ashike upande mmoja, kama desturi yao. Evodius aliushika ule mpini aliousukuma maelfu ya mara, na miguu yake ikakataa kutembea. Kitanda kiliondoka bila yeye.

Daktari alitaka kujua kama palikuwa na moto ndani ya gari.

"Palikuwapo."

"Nani aliuingiza?"

"Mimi," alisema Evodius. "Na matundu niliyaziba mimi."

Generosa alivutishwa oksijeni mpaka siku ya pili. Hakuna aliyeweza kumwambia Evodius kama atazinduka akiwa mzima wa akili, maana hewa ile, walisema, huweza kuondoka na kumbukumbu za mtu. Irene alifika akiwa na nguo za kazini, akamsemesha baba yake kwa Kiingereza kikali: kwamba alijaza gari vitu vya kuvukia jangwa akasahau dirisha. Evodius aliketi akiutazama mfuko wa plastiki wa oksijeni mdomoni mwa mkewe, ukijaa na kunywea, na kila uliponywea alisubiri kwa hofu kama utajaa tena.

Generosa alipoondolewa kile chombo cha oksijeni, alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Ebitoke zilizobaki," alisema kwa sauti ya mikwaruzo, "umezifunika?"

Irene alianza kulia. Evodius alitoka nje, akashikilia ukuta wa ukumbi.

Tulifikiri safari imekufa. Yeye mwenyewe alifikiri hivyo. Alipokwenda kulichukua gari kutoka msituni aliazimia kuliuza. Generosa ndiye aliyekataa. Alikuwa bado akichoka upesi, na mara nyingine jina la kitu lilimpotea katikati ya sentensi, lakini hilo hakulisahau.

"Sikufa barabarani, Baba Irene. Nilikaribia kufa tukiwa tumeegesha, tena karibu na nyumbani. Kwa hiyo wapi ni salama? Nionyeshe, nikakae hapo."

"Siwezi, mama. Nikifumba macho nauona ule uso wako."

"Basi ufumbue. Utaendesha ukiwa macho."

Alilirudisha gari kwa Kanti. Kanti alikwisha kusikia. Hakufanya mzaha wowote, jambo ambalo lilimwogopesha Evodius kuliko karipio. Walibandua sponji na zulia pamoja. Matundu mawili yalifunguliwa, yakaongezwa mengine mawili chini. Winchi ilitolewa, na minyororo, na jeki mbili, na shoka, na turubai la ubavuni. Vilipobaki kitanda, maji, jeki moja, jiko moja la gesi la kupikia nje na tairi moja la akiba, Kanti alirudi nyuma akalitazama.

"Sasa liko uchi," alisema.

"Linaweza kuondoka?"

"Linaondoka hata sasa hivi."

"Hiyo ndiyo habari ninayoitaka," alisema Evodius.

Waliondoka Juni, baada ya misa ya kwanza. Tulisimama kando ya barabara tukiwaaga. Evodius alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili kabla hata injini haijawashwa, na jasho lilikuwa limemlowesha kola. Tulimwona akimgeukia mkewe mara ya kwanza, ya pili, kisha gari likaingia njia ya kaskazini.

Habari ya mwisho tuliyoipata ilitoka kwa Generosa, katika ujumbe wa sauti aliomtumia Irene. Walikuwa wamefika Skye, na mvua ilikuwa ikinyesha. Evodius alikuwa amekwisha kufungua vioo vyote vinne, akamfunika mablanketi mawili, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, miguu nje mvuani, akamshika kifundo cha mkono penye mshipa, akihesabu mapigo.